Kulifukia Birika la Mzungu

Sikusoma. Madarasa mawili tu, nikaacha, na sioni haya kusema. Nyumba ninayokaa hapa Kinondoni niliijenga kwa mikono hii, na lori langu la kwanza nililinunua bila kusaidiwa na ndugu wala jirani. Mie nasema jambo kama lilivyo. Wengi hawanipendi kwa hilo, shauri yao.

Wakati wa Mwingereza, kabla sijawa na watu wangu wa kazi, nilikuwaga mtunza bustani kwa Mzungu mmoja upande wa Msasani. Uani alikuwa na birika la kuogelea, limechimbwa ardhini, kuta za zege zimepakwa rangi ya buluu. Sie tulikuwa tunacheka. "Bahari ile pale inampigia kelele mlangoni," mpishi alisema, "na yeye kachimba yake." Lilikuwa jambo la kuchekesha mpaka siku ile.

Mke wangu alikuwa akimtuma binti yetu aniletee chakula. Ndiye mtoto wetu wa kwanza, meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, mengine hayajaota. Siku hiyo nilikuwa upande wa barabarani nakata michongoma. Nikaona chakula kimechelewa, nikazunguka uani. Bakuli lilikuwa ukingoni mwa birika, limefungwa kitambaa vizuri, halikumwagika hata kidogo. Yeye alikuwa ndani ya maji.

Hapo sitasema zaidi.

Tulimzika alasiri ileile. Wanaume tulikwenda makaburini, kila mmoja akatia mchanga kwa mkono mara tatu, tukarudi. Mke wangu alibaki ndani na wanawake wenzake, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Kwa hiyo alichokiona yeye ni mtoto anatoka na bakuli, mtoto anarudi amebebwa, mtoto anatolewa mlangoni na sanda. Basi. Siku ya hitma aliniambia, "Nilimtuma mie." Tukajaliwa watoto wengine, na habari ya yule wa kwanza haikuzungumzwa tena nyumbani.

Miaka ikapita. Niliacha bustani, nikajifunza kuvunja na kujenga, nikapata vibarua na lori. Yule Mzungu alirudi kwao, akaingia mwingine. Huyu birika hakulitaka: kuta zimepasuka kwa juu, maji yamekuwa kijani, mbu tele. Akatafuta mtu wa kulifukia, watu wakanitaja mie. Hakujua kitu.

Nilimweleza mke wangu akiwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, kisha akauweka ungo chini.

"Utalifukia lote?"

"Lote."

"Na maji yatakwenda wapi?"

"Tunalitoboa chini kwanza. Ukifukia bila kutoboa, mvua inajaa mle ndani, na juu panakuwa tope siku zote. Tukishatoboa, maji yanazama, tunamwaga kifusi, halafu udongo."

"Basi mkifika kwenye udongo, niite."

"Uje kufanya nini?"

"Baba watoto, wewe ulimtia mchanga. Mie je?"

Nikamwambia nitamwita.

Tukaanza kazi. Vijana walipiga mitarimbo ndani ya yale maji machafu, wakitaniana kuhusu vyura, mpaka zege likatoboka. Maji yakaanza kushuka polepole, yakabakiza tope na ile rangi ya buluu ambayo bado ilionekana kwa chini. Nilisimama nikaangalia mpaka yakaisha. Kisha tukamwaga kifusi.

Siku ya udongo mke wangu alikuja na buibui lake. Mmoja wa vibarua wangu, mtu mzima wa Rufiji aliyeishika dini na aliyejua habari ya binti yetu, alinivuta pembeni.

"Fundi, mwanamke haziki."

"Unaona maiti hapa?"

"Sasa huyu mama kaja kufanya nini?"

"Kufukia birika. Kwani wewe umekuja kufanya nini?"

Wenzake wakamcheka. Halafu wakamwona mke wangu uso, kicheko kikakatika.

"Bakuli lilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonesha. Akapiga magoti palepale, akachota udongo mwekundu kwa mkono, akautupa ndani. Akachota tena. Na tena. Nilidhani ataishia mara tatu kama tulivyofanya sie, lakini hakuishia. Alichota na kutupa, buibui limejaa vumbi, na hakuna aliyethubutu kushika chepe. Ndipo yule wa Rufiji akaweka chepe lake chini, akaenda akachuchumaa kando yake, naye akatupa kwa mkono. Wengine wakafuata. Mzungu alikuwa barazani anatutazama, sijui alifikiri ni namna gani ya kufanya kazi.

Udongo tuliurundika juu kupita usawa wa ardhi. Ndivyo inavyofanywa, maana udongo mpya hushuka mvua zikinyesha. Mzungu akalalamika kwamba anataka bapa. Nikamwambia asubiri masika. Mke wangu alilitazama lile tuta muda mrefu, akakung'uta mikono.

"Sasa nimemzika," alisema. Nikampandisha kwenye lori, tukarudi nyumbani.

Masika yakaja. Yalipokwisha nilipita pale na lori. Tuta halikuwepo. Pamekuwa bapa kama Mzungu alivyotaka, majani yameota, na katikati pamewekwa meza na viti vya kunywea chai. Ile kazi niliifanya vizuri mno.

Nyumbani nilimkuta anaosha vyombo.

"Umepita kule?"

"Nimepita."

"Tuta lipo?"

Maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli usoni, wakubwa kwa wadogo.

"Lipo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha. Aliniuliza tena masika yaliyofuata, na mengine baada ya hayo, mpaka alipofariki. Nilimjibu vilevile.