Mtu wa Kitanda

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilimnyima mzungu usingizi. Sikukusudia. Nilikuwa kijana wa Kasongo niliyejua kutengeneza baiskeli, na kwa ujuzi huo tu Bwana Ajenti alinichukua niwe mtunza vifaa vyake vya safari. Ajenti alikuwa ofisa mdogo wa serikali ya Wabelgiji, aliyezunguka vijijini kuhesabu watu na kukagua mashamba ya pamba na mpunga. Katika vifaa vyake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: godoro la mpira lililokunjwa kama mkeka, halina pamba wala majani ndani. Alinionyesha tundu lake na pampu ya mguu, akaniambia nitie upepo. Sisi mafundi wa baiskeli tulipimana ubingwa kwa dole gumba. Ukibonyeza tairi likakubali, wewe bado mwanafunzi. Basi nikalijaza godoro lile mpaka likawa linalia ukilipiga kofi, nikaenda zangu kula nikiwa nimeridhika kabisa.

Asubuhi Bwana Ajenti alitoka ndani ya jiti, ile nyumba ya kupumzikia wasafiri wa serikali, akiwa ameshika kiuno. Hakunitukana, na hilo lilinitisha, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa matusi. Alinionyesha kitanda tu.

"Wewe lala," akasema.

Nilidhani ananitega. Wakati ule mtu mweusi hakuthubutu kukaa hata kwenye kiti cha mzungu, sembuse kitandani. Nikalala, na nikaelewa. Ilikuwa kama kulazwa juu ya gogo: mabega yanauma, mgongo hauna pa kutua, na ukijigeuza unateleza nje. Akaniamuru nifungue tundu, nitoe upepo kidogo, nilale tena, nitoe tena, mpaka kiuno kikazama bila kugusa ardhi. Kuanzia leo, akasema, kila siku utalala wewe kwanza, ndipo nilale mimi. Mtu huyo hakuwahi kunipa mkono hata mara moja, na kila jioni alisimama akinitazama nimejinyoosha kitandani mwake. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado sijalimaliza.

Wahenga walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kazi yangu yote ilikuwa ndani ya msemo huo. Nyinyi vijana mnaonunua vitu kwa kuvitazama, sikilizeni. Godoro la upepo halipimwi kwa dole gumba wala kwa kiganja. Unalala ubavu, kwa sababu chali kila godoro ni zuri. Unapitisha mkono chini ya kiuno: ukigusa ardhi, ongeza upepo, kiuno kisipozama hata kidogo, punguza. Tena unapima jioni, si mchana. Upepo ulioshika jua huvimba, na baridi ikiingia husinyaa, kwa hiyo godoro lililokuwa zuri saa nane litakuwa limelegea kabla ya jogoo. Na usipulize kwa mdomo ukiwa na pampu, maana mate na mvuke huozesha mpira kwa ndani.

Bwana Ajenti alipohamishwa, nilipelekwa Kabambare kwa mzungu mwingine, mtaalamu wa kupima mawe aliyetafuta dhahabu upande wa Salamabila. Tulimwita Bwana Mawe. Huyu alikuwa mpole, mrefu mno, miguu yake ikitokeza nje ya kila kitanda. Aliposikia habari zangu alinituma Kasongo kumchagulia magodoro mapya dukani. Mwenye duka alinitolea aina tatu. La kwanza lilikuwa mpira mtupu, rahisi kuziba, lakini linanata kwenye ngozi na kumlowesha mtu jasho. La pili lilikuwa nene sana, limefunikwa kitambaa kizuri, lakini ndani lilikuwa mfuko mmoja: ukilalia upande huu, upande ule unanyanyuka, nawe unabingirika. La tatu lilikuwa jembamba zaidi, lenye mifereji ya upepo inayokwenda kutoka kichwani hadi miguuni, na mifereji ya pembeni imenyanyuka kidogo kama kingo za mtumbwi. Nililala juu ya yote matatu palepale dukani, wateja wakicheka. Nilichukua la tatu kwa ajili ya usingizi wa Bwana Mawe, na la pili kwa ajili ya wageni wake, kwa sababu wageni hupenda kuona unene.

Kule milimani Kabambare nilijifunza jambo jingine. Baridi haitoki juu tu. Upepo uliomo godoroni hupoa na ardhi, ukamgandisha mtu kwa chini hata kama amejifunika blanketi mbili. Dawa yake ni kushusha blanketi moja, ukalitandika juu ya godoro. Chini ya godoro niliweka majani ya migomba na mkeka, kwa ajili ya miiba. Wapagazi waliobeba mizigo yetu walinipa jina, Mutu wa Kitanda, na halikuwa jina la heshima. Walikuwa na haki yao ya kucheka. Wao na mimi tulilala kwenye mikeka, na mgongo wangu ulijua kitanda kizuri kwa dakika chache tu kila jioni, kabla mwenyewe hajaja.

Huko Kabambare ndiko nilikooa. Mke wangu Salima alitoka katika kijiji cha Wabangubangu, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka barabarani. Nilimpenda, na mama yake nilimwogopa, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Huli mbele yake, humtaji jina, na zaidi ya yote huna habari na kitanda chake: hukigusi, hukikalii, hukiulizi. Heshima si utumwa, na mimi sikuwahi kuona uzito wake mpaka siku mama yule alipoanguka.

Aliteleza mtoni akitoa mihogo iliyolowekwa, akaumia nyonga. Salima alikwenda kumwuguza, kisha akaleta habari kambini kwamba mguu umegeuka na mama hawezi hata kukaa. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi: afikishwe kwa daktari Kasongo, tena asitikiswe, maana mfupa ukizidi kuhama hatatembea tena. Mwanamke wa shamba asiyetembea, nani atamlisha? Alikuwa mjane, na mtoto wake ni Salima peke yake.

Nilikwenda kwa Bwana Mawe nikamwomba godoro. Aliinua kichwa kutoka kwenye mawe yake, akaniambia nichague mimi, na kwamba kamyo yake, lile lori la mizigo, itatungoja barabarani. Nilimshukuru kwa moyo, na hata leo namshukuru. Nikachukua la tatu, lile la kingo, kwa sababu lingemshika asibingirike. Tukafika kijijini na wapagazi wachache, tukafunga machela ya mianzi, nikatandika godoro juu yake na kuanza kutia upepo. Hapo ndipo nilipokwama. Wajomba wa Salima walikuwa wamesimama wakinitazama. Lile godoro sasa lilikuwa kitanda cha mkwe wangu, na mimi sikujua njia nyingine ya kulipima ila kulala.

Nikamwita Salima alale badala yangu. Lakini Salima alikuwa mwembamba, na mama yake ni mtu wa mwili. Tukamwekea mfuko wa mpunga tumboni. Mimi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikiuliza kwa sauti kama kiuno kinagusa mianzi, naye anajibu huku akihema chini ya mpunga, anafungua tundu, anafunga. Wajomba walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mwenyewe alikuwa ndani, akisubiri, na sikusikia sauti yake.

Tulianza safari alfajiri. Mimi nilitangulia mbele nikikata matawi, mgongo wangu kwao, kwa sababu sikuruhusiwa kumtazama. Salima alitembea kando ya machela. Kila baada ya muda nilimwambia amwulize mama kama kitanda kiko sawa, na kila mara jibu lililetwa lilelile: niko muzuri. Tukapanda kilima, tukashuka, niko muzuri. Tukatoka msituni, tukaingia uwanda wa nyasi usio na kivuli, jua limesimama utosini, niko muzuri. Hapo nikaanza kuwa na mashaka. Nilijua upepo hufanya nini kwenye jua. Lile godoro lazima lilikuwa limevimba.

Nikamwuliza Salima mwenyewe. Akaja mbele hadi karibu yangu, machozi yakimtoka, akaninong'oneza kwamba mama ameng'ata kanga tangu kilimani. Yeye amejaribu kufungua tundu, mama akaushika mkono wake. Mkwe hamlalamikii mkwe habari za kitanda. Kitanda kile nilikileta mimi, na kukikataa ilikuwa kunivunjia heshima mbele ya watu. Yaani mama yule alikuwa tayari kupoteza mguu kwa ajili ya adabu, na mimi nilikuwa natembea mbele yake na panga mkononi, na adabu yangu.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nikawaambia wapagazi wasimame, wasishushe. Sikugeuka. Niliyatazama majani yaliyokuwa mbele yangu, nikasema kwa sauti, na yale yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu nimwoe binti yake.

"Mama, leo mi si mukwe wako. Mi niko mutu wa kitanda. Kama kitanda iko mubaya, ambia mutu wa kitanda."

Mpagazi mmoja alikohoa. Nilihisi nimeharibu kila kitu, na kwamba wajomba watadai mbuzi wa kuniosha aibu. Kisha nikasikia sauti, nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Mutu wa kitanda, iko nguvu sana, kama jiwe. Toa upepo."

Salima akafungua tundu. Nilisikia upepo ukitoka polepole, na mama akaita, "Simama hapo," tundu likafungwa. Kutoka pale mpaka kwenye kamyo, na ndani ya kamyo hadi Kasongo, alitoa amri kama kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara: ongeza, punguza, ngoja, sasa. Jioni baridi ilipoingia, yeye ndiye aliyetangulia kusema godoro linasinyaa. Daktari alimfunga mguu, akalala hospitali muda mrefu, kisha akarudi kwake na fimbo. Alitembea. Alilima tena, kidogo. Na siku tuliyokutana njiani kijijini kwake, aliingia majanini kama kawaida, nami nikatazama pembeni. Hatukuzungumza tena mpaka alipofariki, isipokuwa mara mojamoja Salima aliniletea mihogo akisema, imetoka kwa mama, ni ya mtu wa kitanda.

Wazungu walipoondoka, magodoro yao yaliondoka nao, au yalikatwa yakawa viraka vya tairi. Mimi nilirudi kwenye baiskeli hapa Kasongo mpaka macho yalipokataa. Watu huniuliza kama kazi ile ya kwanza ilikuwa kazi ya mwanamume. Nawajibu kwamba sijui, ila niliifanya vizuri, na mara moja katika maisha yangu nilimfanyia mtu wa nyumbani kwangu.

Sasa mgongo wangu umekuwa kama wa Bwana Ajenti. Mwezi uliopita mume wa binti yangu aliniletea godoro la upepo kutoka safari zake za biashara. Ni kijana mzuri, mwenye adabu. Alilijaza uani, akampa binti yangu aliingize chumbani, yeye akabaki nje ya mlango. Nilipolala nilitaka kucheka. Alikuwa amelipima kwa dole gumba. Angepima na nini kingine? Asubuhi nikasikia sauti yake nje, akimwambia binti yangu aniulize kama nimelala vizuri.

Jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza.

"Mutu wa kitanda," nikaita, "iko nguvu sana, kama jiwe. Toa upepo."

Kisha nikamsikia akimwambia binti yangu aingie, afungue tundu polepole, na asifunge mpaka baba mwenyewe aseme.