Msichana wa Bango

Nkirote alizaliwa Maua, kule Meru, na mpaka anafikisha miaka ishirini hakuwahi kukimbia isipokuwa mvua ilipomkuta njiani. Shuleni alicheza netiboli, tena akisimama golini, mahali pa wasiopenda kuhangaika. Mwaka 2013 alivuka bahari hadi Saint Paul kusomea uuguzi katika chuo kidogo, akakaa kwa shangazi yake Dinah, aliyehudumia wazee kwenye makao fulani huko Anoka.

Wiki ya pili tu, Brandon, kocha wa mbio za nyika, aliona neno Kenya kwenye orodha ya wanafunzi wapya. Akamfuata maktabani kwa kasi ambayo wanariadha wake hawakuwa nayo.

"Kilomita sita unamaliza kwa dakika ngapi?"

"Sijawahi kuzikimbia."

Brandon akacheka, akidhani ni unyenyekevu. Kabla hajamwona akipiga hata hatua kumi, bango lenye picha ya Nkirote lilikuwa ukutani: mwaka huu ubingwa wa wanawake ni wetu. Chuo kile kilikuwa kikishindana tangu miaka ya themanini, na nafasi ya saba ndiyo ilikuwa fahari yake. Miaka thelathini ya kushindwa, na dawa iliyopatikana ni pasipoti ya golikipa!

Nkirote alikubali kwa sababu hakuwa na rafiki, na wasichana wa timu walikula pamoja.

Kanisani kwa Wakenya wenzake ilikuwa balaa zaidi. Mzee Cyrus, ambaye kitambi chake hutangulia kuingia mlangoni, alitangaza mbele ya waumini wote: "Dada yetu ataonyesha Wazungu kazi. Hii kitu iko kwa damu!"

"Anti, si hata yeye ana hiyo damu?" Nkirote aliuliza wakirudi nyumbani. "Mbona asikimbie?"

Dinah, aliyeshika usukani, alicheka hadi akapitiliza kona.

Siku ya mashindano, wanaume walipewa kilomita nane na wanawake sita, kana kwamba pumzi ya mwanamke huishia hapo. Ubavu ulianza kumchoma Nkirote kwenye kilomita ya pili. Alimaliza wa mia na arobaini na mbili kati ya mia na hamsini, akawakuta waumini waliokuja kumshangilia wakikunja bendera za Kenya.

"Umetuaibisha," alisema Mzee Cyrus.

"Kwani ulikuwa mgonjwa?" aliuliza Brandon.

"Hapana. Nilikwambia sijawahi."

Jumatatu bango halikuwepo. Hapo ndipo alipoanza kukimbia kwelikweli, kwa hasira kwanza, kisha kwa kupenda, alfajiri, kando ya mto, theluji ikimgandia kwenye kope. Vuli iliyofuata, kwenye mashindano yaleyale, akawa wa thelathini na moja. Brandon akaliambia gazeti la chuo kwamba kipaji cha Kikenya hatimaye kimeamka.

Nkirote akamwendea ofisini. "Mwaka mzima nimeamka saa kumi na moja, Kocha. Hicho kipaji hakikuniamsha hata siku moja."

Brandon aliahidi kusahihisha. Hakusahihisha.

Mwaka 2017 Nkirote alihitimu, akaajiriwa hospitalini Minneapolis. Mgonjwa akimwuliza kama naye ni mkimbiaji, maana anatoka Kenya, humfunga kipimo cha presha mkononi na kumwambia anyamaze kidogo, kuongea kunapandisha.