Ndege Amepigwa

Baba alinuka mafuta ya ndege. Hata akioga, hata siku ya Jumapili akiwa na shati lake la kanisani, harufu ile kali ilikuwa shingoni na viganjani mwake, imechanganyika na vumbi la maharagwe. Alikuwa mpakiaji katika uwanja wa Lodwar. Alipakia magunia na makatoni kwenye ndege ndogo ya mizigo iliyovuka mpaka kwenda Sudan Kusini, kisha akasafiri nayo, maana kule ilikotua, kwenye viwanja vya udongo, ilibidi ishushe mizigo upesi na kuondoka. Kule kulikuwa na vita. Nyumba yetu ilikuwa karibu na uwanja, na ndege ilipopaa mabati yalitetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Kila asubuhi ya safari mama alimwambia, "Kawia ufike," naye baba alicheka akisema ndege haijui kukawia. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Harufu ya mafuta kwangu ilimaanisha kwamba baba yuko nyumbani, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Mwaka huo nilikuwa na ugonjwa wa Kiswahili sanifu. Mwalimu wetu wa darasa la tano alituandikia ubaoni sentensi mbili, "Ndege amepaa" na "Ndege imepaa," akatueleza kwamba wa kwanza ana roho na manyoya, ya pili ina injini, na asiyejua tofauti hiyo asijisumbue kuingia kwenye mtihani. Nilipata alama zote. Tangu siku hiyo hakuna aliyepumua mbele yangu. Watu wa Lodwar huongea Kiswahili wakiwa na haraka ya kufika kwenye maana, na ngeli huachwa njiani. Nilimsahihisha muuza maji, nikamsahihisha mama, nikamsahihisha mchungaji akiwa bado ameshika Biblia. Baba akaanza kuniita Mwalimu. Nilijivuna, sikujua kwamba ananitania.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa Mama Achol. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza sukari na vitambaa kambini Kakuma, na mama yake mzazi alikuwa amebaki kule kwao, karibu na kiwanja kimoja ambacho ndege ya baba ilitua. Baba alimpelekea yule bibi vifurushi. Mama Achol alifika kwetu na kifurushi chake kimefungwa kwa kitambaa, akasalimu "ejok" mlangoni kwa Kiturkana kama mwenyeji, kisha akamwaga Kiswahili chake cha Kakuma ambacho ndani yake meza alivunjika, mvua alikuja na gari alichelewa. Alinipenda hata hivyo. Ndiye aliyeahidi kwamba ndugu zake watanitegea kanga, yule ndege wa madoadoa, na baba ataniletea. Nilimngoja wiki nzima, na jina nilikuwa nimeshampa.

Siku moja baada ya shule nilikuwa peke yangu nyumbani. Mama alikuwa sokoni, simu yake ameiacha mezani ikipata chaji. Ikalia. Alikuwa Mama Achol, sauti inakatikakatika, akisema amempigia baba mara nyingi na simu haiingii. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hata moja.

"Ambia baba yako, ndege amepigwa huko kwetu. Kesho asiende. Umesikia, mtoto wangu? Asiende."

Laini ikakatika, nami nikakaa sakafuni nikalia. Amepigwa, si imepigwa. Mtu mwingine yeyote wa Lodwar angeelewa papo hapo, lakini mimi nilikuwa mwanafunzi bora, na aliyepigwa alikuwa na manyoya. Mtu wa huko alikuwa amempiga kanga wangu akamla, na Mama Achol alikuwa akimhurumia baba asimfuate bure. Kisha nikawaza kitoto, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Baba asipokwenda, hakuna kanga. Akienda, huenda wakamtega mwingine. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema lolote juu ya mjumbe anayeukalia ujumbe. Tulipokuwa tukila jioni baba aliuliza kama kuna mtu aliyemtafuta, kwa kuwa simu yake ilizimika mchana kutwa. Nikamwambia hakuna. Asubuhi akatoka, mama akamwambia akawie afike, mabati yakatetemeka, nikaenda shule.

Wakati wa mapumziko Akai, rafiki yangu wa dawati moja, alinijia mbio. Alisema ndege ameangushwa huko Sudan. Nikamwuliza ndege gani, wa porini au ya watu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ya watu. Wa porini nani atamtangaza kwa redio?"

Nikamwuliza ni lini. Akasema jana, na kwamba wote waliokuwa ndani wamekufa. Jana. Basi haikuwa ndege ya baba, ilikuwa ya watu wengine, lakini aliyeipiga alikuwa bado yuko palepale na silaha yake, na baba alikuwa angani juu ya kichwa chake saa ile ile. Nilitoka shuleni bila ruhusa, nikakimbia juani mpaka kwenye ua wa uwanja, nikamkuta mama amefika kabla yangu. Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, leso imemteleza begani, na hakuniuliza kwa nini siko darasani. Wake wa wafanyakazi wengine walikuwa pale pia. Lori likinguruma mbali, wote tuliinua macho. Niliogopa kifo cha baba, na niliogopa zaidi kwamba kifo hicho kitakuwa changu, kwamba kati ya wote waliosimama pale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba alikatazwa. Nilimwahidi Mungu sitamsahihisha mtu tena maisha yangu yote. Nilimwahidi na mambo mengine makubwa zaidi, yasiyokuwa na kichwa wala miguu.

Ndege ilirudi saa mbili baada ya wakati wake. Baba aliteremka wa mwisho, akaja polepole na kanga kwapani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kanga yule alikuwa na mbili. Baba aliniwekea mikononi. Nilihisi moyo wa ndege yule ukipiga upesi upesi chini ya manyoya, nikatapika palepale. Baba alisema ni jua. Jioni ile baba hakusimulia chochote, akala kidogo akalala mapema. Kanga nikampa Akai.

Sikusema. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini kuna maradhi yanayokuacha uishi nayo, ukakua, ukasoma, ukapata kazi. Kwa miaka mingi kila ndege iliyopita juu ilinitoa jasho mikononi. Leo mimi ni muuguzi Kakuma, na baba amestaafu kwa sababu ya mgongo. Juzi simu zetu zilijaa picha za ndege nyingine ya raia iliyotunguliwa penye vita, nami nikashindwa kulala. Mwisho wa wiki nikaenda Lodwar, nikamwambia baba yote, kuanzia ngeli hadi lile "hakuna" la mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Rubani alituambia asubuhi ile kabla ya kupanda. Akasema anayetaka kubaki abaki. Wawili walibaki."

Nikamwuliza basi kwa nini alipanda. Akasema kifurushi cha Mama Achol kilikuwa dawa za presha za mama yake, na yule bibi alikuwa amemaliza zake tangu wiki iliyotangulia. Ilinichukua muda kulielewa hilo, kwamba mwanamke aliyepiga simu kumzuia baba ndiye aliyekuwa na mama anayengoja mzigo ule. Nikamwuliza kama hakuogopa.

"Nilijikojolea, mwanangu. Kwenda na kurudi."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga kando yetu, akasema bila kuinua kichwa kwamba suruali ile aliifua yeye.

Siku hizi habari haipiti tena kwa mtoto. Ndege ikipigwa popote, saa haiishi kabla picha hazijafika kwenye simu ya kila mtu, na ngeli mbovu hazimpotezi yeyote. Zamani niliamini kwamba hilo ndilo lililokosekana kwetu, habari iliyo wazi na inayofika mapema. Hofu yangu ya utotoni ilikuwa na tiba: ningesema, baba angebaki. Hii ya ukubwani sijaipatia tiba. Asubuhi nikiwa zahanati nasikia ndege ikipita kuelekea kaskazini, na najua ndani yake yupo mtu aliyeambiwa kila kitu jana, akaelewa, akapanda.