Gari la Mkwe Lilipogoma Guangzhou

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kelele.

Juzi hapa Guangzhou tulipakia sare za harusi ya mjukuu wangu, zimeshonwa kwa mafundi wa mtaa wa Kangle. Msafiri wa kuzipeleka Tanga alikuwa anatusubiri uwanja wa ndege wa Baiyun, na harusi ni Jumamosi.

Mkwe wangu Salimu akawasha gari lake kuukuu. Kimya, hata mlio hakuna.

"Betri hiyo," nikatangaza. Marehemu mume wangu alikuwa na lori, basi nami najiona fundi. "Mwagia vichwa vyake maji ya moto."

Akamwagia. Kimya.

"Mama, naomba ushuke kidogo, nitazame hapo miguuni pako."

"Nishuke kwa nini, mimi ndiyo plagi? Kasukume!"

Maskini, mkwe gani atainama kwenye magoti ya mama mkwe? Akasukuma mpaka shati likamganda mgongoni, binti yangu Zuhura kashika usukani. Wapi!

Simu ya Zuhura ikalia. "Mama, shuka! Msafiri anasema anaingia ndani."

Nikashuka nikinung'unika. Salimu akachungulia pale nilipokuwa nimekaa.

"Hii ndiyo swichi ya kukata umeme wa betri. Kijifunguo chake chekundu kiko wapi?"

Nikatazama juu, kama mtu anayengoja mvua. Kile kidude kilinichoma goti nilipopanda tu, nikakichomoa kabla gari halijawashwa.

"Mama," akauliza Zuhura, "mbona umekumbatia mkoba hivyo?"