Umeme wa Kinanda cha Harusi

Nilijiingiza mwenyewe, tena mbele ya mashahidi. Nilikuwa nimerudi Kyela kwa likizo ndefu ya chuo kikuu, mwaka wa pili wa fizikia, na nilikuwa katika ule umri ambao kijana akiona watu wazima wanajadili jambo, anadhani wanachelewa tu kumuuliza yeye. Shangazi yangu alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Kikao cha harusi kilikuwa kimefika kwenye suala la muziki, na mjumbe mmoja akapendekeza waitwe wapiga tarumbeta kutoka Tukuyu. Nikanyoosha mkono.

"Tarumbeta ni mambo ya zamani," nikasema. "Mimi ninacho kinanda cha elektroniki. Nimekitengeneza mwenyewe."

Wakapiga makofi. Siku zile biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, redio za kaseti zilikuwa zinavuka mpaka zimefungwa kwenye baiskeli, na maduka ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yaliuza saa zinazopiga muziki. Mtu aliyetamka neno "elektroniki" bila kuumauma alisikilizwa. Kesho yake asubuhi shangazi akatuma ujumbe Tukuyu kwamba wapiga tarumbeta wasijisumbue.

Siku hiyo hiyo bibi harusi mwenyewe akanivuta nyuma ya jiko. Tulikua pamoja, na nilijua tatizo lake, kama ukoo mzima ulivyolijua: akiwa na wasiwasi mahali penye kimya, anacheka. Si tabasamu, ni kicheko cha mabega. Alicheka kwenye kipaimara. Alicheka msibani. Wakwe walipoleta posa, na watu wote wakanyamaza kusikia kama amekubali, alicheka mpaka mshenga akauliza kwa upole kama amesema jambo baya.

"Kaka, mimi sitaki mengi," akaniambia. "Nataka nikifika mlangoni pa kanisa pasiwe kimya. Nikisikia viatu vyangu peke yavyo, nimekwisha. Na wakwe safari hii hawatanielewa."

"Hutasikia viatu," nikamwahidi.

Ahadi ilikuwa na upungufu mmoja: kinanda hakikuwa na umeme. Kilikuwa ubao wenye vitufe vya mninga alivyonichongea seremala, na ndani yake vipande vya elektroniki nilivyookoteza Kariakoo kwa mwaka mzima. Kiliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, lakini noti hiyo ilikuwa yangu. Kule chuoni nilikuwa nakiunganisha na mashine ya maabara iliyotoa umeme wa kila aina. Nilikifunga kinanda kwa khanga mbili za mama, nikakipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam mpaka Kyela, na nilikuwa nimeshakiweka mezani nyumbani kwetu Bondeni ndipo nikakumbuka kwamba maabara imebaki Dar es Salaam.

Nikaenda kwa fundi redio, mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Nikamweleza kwamba nahitaji volti kumi na mbili chanya na volti kumi na mbili hasi.

"Hasi," akarudia, akivua miwani.

"Ndiyo, fundi."

"Yaani umeme ulio pungufu ya hakuna umeme."

"Kwa namna fulani."

"Huo hapa Kyela tunaupata karibu kila wiki. Msomi umesafiri mbali bure."

Alipomaliza kucheka alinipa transfoma iliyoungua upande mmoja. Koili ya kupokea umeme wa ukutani ilikuwa nzima. Ile ya kutoa ilikuwa mkaa. Kazi yangu ilikuwa kuifumua ile iliyoungua na kuzungusha waya mpya wa shaba kwa mkono, raundi mia na kumi upande mmoja, raundi mia na kumi upande wa pili. Pande hizo zikipishana hesabu, chanya na hasi hazitalingana.

Kwa mtu anayesoma fizikia, kuhesabu mpaka mia na kumi si jambo la kujisifia. Lakini nilikuwa nimekaa barazani, na baraza yetu inatazama njia ya sokoni. Kwetu mkubwa wako akipita humsalimii kwa kuinua kidevu. Unaweka chini ulichoshika, unainama, unasema "Mugonile", unaulizwa habari za nyumbani, nawe unauliza za kwake, za watoto, za mpunga, za yule aliyekuwa anaumwa mguu. Mguu ukishajulikana unaendeleaje, unarudi kwenye koili na hujui ulikuwa arobaini na tatu au sitini na tatu. Siku ya kwanza nilianza upya mara nne. Siku ya pili mara sita. Siku ya tatu nikajifungia chumbani. Ikasikika kwamba naumwa, wakaja kunijulia hali.

Shangazi alikuja na wale wa kunijulia hali, akiwa na ukindu wake kwapani. Alikuwa msukaji wa mikeka. Aliniangalia nilivyokaa katikati ya waya kama kuku aliyenaswa kwenye uzi.

"Lete hapa. Ngapi?"

"Mia na kumi na mia na kumi. Lakini shangazi, ukipoteza hesabu..."

"Mimi nipoteze?"

Akakaa barazani, mahali pale pale pa hatari. Akazungusha waya huku akisalimia Bondeni yote. Aliuliza habari za watoto, akamfukuza mbuzi, akagombana na mwenye ndizi, akacheka na mke wa mchungaji, na kila raundi kumi alichomeka unyuzi mmoja wa ukindu pembeni. Kabla ya chakula cha mchana alinikabidhi transfoma. Fundi aliipima kwa mita yake, upande huu, upande ule, akapima tena. Sindano ilisimama mahali pale pale.

"Ndaga," akamshukuru shangazi kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi: "Huyu ndiye angepelekwa chuo kikuu."

Majuma mawili kabla ya harusi tukafanya zoezi la kwanza kanisani. Shangazi ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Nikakiunganisha kinanda na spika za kanisa, nikawasha, na kabla sijagusa kitufe chochote spika zikasema: mmmmmm.

Nilijua kinachosema. Kapasita zangu, zile zinazotakiwa kuutuliza umeme baada ya kutoka kwenye transfoma, zilikuwa za kale, zimetolewa kwenye redio iliyokwisha kufa. Hazikutosha. Mvumo wa umeme wa ukutani ulikuwa unapita humo na kutokea kwenye spika. Nikageuka kuomba radhi, nikiwa nimeandaa na maelezo ya kitaalamu.

Hakuna aliyenisikiliza. Kwaya ile haikuimba kwa kusoma noti. Siku zote shangazi hutoa sauti, wao wanaipokea na kugawana. Siku ile sauti ilikuwa imeshatolewa. Besi walikuwa wamekwisha kuukalia ule mvumo, alto wakapanda juu yake, soprano wakapanda juu ya alto, na wimbo ukaanza bila mimi. Nilipoingiza kinanda, kilikuwa juu kidogo ya kwaya. Nikawaomba wapande. Hawakupanda. Ikabidi nizungushe vifundo vya kupandisha na kushusha sauti mpaka kinanda kikashuka kikaufuata mvumo, nasi tukafanya mazoezi hivyo kwa majuma yote mawili.

Wao waliridhika. Mimi niliona aibu. Nilikuwa nasoma fizikia kwa fedha za umma, na kinanda changu kinanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Siku mbili kabla ya harusi fundi akapata kapasita mbili nene kama ndizi za Bukoba, kutoka kwenye amplifaya iliyokuja na mfanyabiashara wa Malawi. Ijumaa nikazichomelea kando ya zile za kale. Nikawasha. Hakuna. Kimya safi kabisa, kimya cha maabara. Nilifurahi kiasi cha kumwita fundi aje asikilize.

Akatega sikio kwenye spika kwa muda mrefu.

"Nasikia," akasema. "Hakuna kitu. Hongera."

Jumamosi kanisa lilijaa. Wakwe kutoka ng'ambo ya Songwe walikaa upande wa kushoto, wameketi wima, wanawake na vitenge vya aina moja. Bibi harusi akafika mlangoni akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Shangazi akainua mikono mbele ya kwaya na kunitazama. Nikaitikia kwa kichwa: tayari. Akaendelea kunitazama.

"Iko wapi?" akanong'ona.

"Nini, shangazi?"

"Ile sauti ya chini."

"Nimeiondoa."

"Umeiondoa," akarudia, kwa sauti ya mtu anayepewa taarifa ya msiba.

Nikabonyeza noti ya kuanzia ili niwape sauti. Lakini joto la Kyela saa nane mchana, ndani ya kanisa lenye bati na watu mia kadhaa, lilikuwa limekilegeza kinanda. Nilipobonyeza mara ya pili ilitoka noti nyingine. Soprano walishika ya kwanza, alto wakashika ya pili, wakaacha wote kwa pamoja. Kisha pakawa kimya. Mtoto akakohoa. Kiatu kimoja kikagonga sakafu kule mlangoni, na kupitia shela nikayaona mabega ya binamu yangu yakianza kazi. Mmoja wa wakwe akageuza shingo.

Matroni, aliyekuwa ametangulia mbele karibu nami, alikuwa na mkasi wa kukatia utepe. Nilimpokonya, sikumwomba. Nikachomoa waya ukutani, jambo ambalo nashukuru nililikumbuka, nikafungua sanduku la kinanda, nikakata mguu wa kapasita mpya ya kwanza, nikakata na wa ile ya pili, nikarudisha waya ukutani.

Mmmmmm.

Besi waliingia hata kabla shangazi hajashusha mkono. Alto wakapanda, soprano wakapanda, na kanisa lote likajaa kuanzia chini. Nikazungusha vifundo mpaka kinanda kikafika walipo, nikaanza kupiga noti moja baada ya nyingine. Binamu yangu akatulia. Akaingia taratibu, uso mkavu, mzito kama jaji, na sikusikia viatu vyake hata mara moja. Mkwe mmoja mwenye mvi akamwinamia jirani yake kuuliza yule mzee wa besi nzito amekaa wapi, mbona hamwoni.

Bibi harusi alipokwisha kufika mbele, na wimbo ukiwa bado unaendelea, nikaona afadhali niufunge vizuri ule mguu wa kapasita uliokuwa unaning'inia. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye sanduku. Shangazi, akiwa ameipa madhabahu mgongo na mikono yake yote miwili ikiwa hewani, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kuiweka mikono yangu: kwenye vitufe. Wimbo ulipokwisha nikaikalia mikono hiyo nisije nikagusa kitu, wa kulia na wa kushoto, na sikuiondoa mpaka mchungaji aliposema amina ya mwisho.