Kidirisha cha Sahani

Ofisini walimwita Mama Matabaka, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja, naye aliitika kwa kuwa amewahi kuitwa vibaya zaidi. Kazi yake ilikuwa kupanga kwenye kompyuta modeli za nyumba ambazo wenyewe wamezichoka na wanataka zikarabatiwe. Wachoraji walimletea mafaili yenye majina kama "Mwisho", "Mwisho Kabisa" na "Mwisho Wallahi". Yeye aliyasafisha, kisha akauweka kila ukuta kwenye tabaka lake: Kinachobaki, Kinachobomolewa, Kipya. Fundi hufuata tabaka, hafuati machozi ya mtu. Kwa miaka mingi alibomoa majiko ya watu bila kumwaga chai yake.

Mpaka ikafika zamu ya nyumba ya kwao.

Mama yake alikuwa ameumia nyonga na sasa alitembea akishikilia fremu ya chuma. Kutoka jikoni hadi sebuleni ilibidi azunguke korido nyembamba ambayo fremu haikupita ila kwa ubavu. Kaka mkubwa, mtu wa maamuzi ya papo hapo, alisema ukuta kati ya jiko na sebule uondoke. Mchoro ukachorwa, ukaletwa kwa dada mtu auweke sawa.

Ukuta huo ulikuwa na kidirisha. Marehemu baba alikitoboa mwenyewe kwa kipimo cha kidevu chake, na baba alikuwa mrefu. Jioni watoto walikaa mezani wakikitazama kama watu wanavyotazama televisheni, ambayo hawakuwa nayo: inatokea mikono miwili ya mama, kisha sahani, kisha mikono inarudi. Ukimchokoza mdogo wako, sauti inatoka humo humo: "Nakusikia wewe!" Mama Matabaka hakuwa na kumbukumbu tamu kuliko ile mikono.

Kwa hiyo kila asubuhi aliuweka ukuta kwenye Kinachobomolewa, kama kazi inavyotaka, na kila jioni kabla ya kuzima kompyuta akaurudisha kwenye Kinachobaki.

Fundi alipiga simu. "Dada yangu, jana ukuta umekufa, leo umefufuka. Mimi nishike lipi? Jumatatu naanza."

"Nipe muda kidogo."

"Muda ninao. Vibarua wangu ndio hawana."

Kaka naye hakuchelewa. "Unataka mama aanguke tena kwa sababu ya tundu?"

"Si tundu."

"Ni nini basi?"

Akakata simu, akampigia mama.

"Bomoeni tu, mwanangu," mama alisema, kwa ile sauti ya mtu anayempisha mgeni kiti. Binti akaamua kwamba mama anajikaza tu, asiwasumbue.

Ijumaa alijaribu ujanja: mlango mpana pembeni, kidirisha kibaki. Ili kuupima ujanja wake aliingia ndani ya modeli, kama anavyofanya kwa kila mteja. Unaiambia kompyuta kimo cha mtu, nayo inakuonyesha anachokiona akisimama pale. Akaandika kimo cha mama yake, akamsimamisha jikoni mbele ya kidirisha, akatazama kutoka upande asiouzoea.

Akaona dari.

Meza haikuonekana, wala viti, wala kichwa cha mtu yeyote ambaye angeketi pale. Akamrudisha mama nyuma kidogo. Akapata kipande cha ukuta wa mbele, juu juu, basi.

Akapiga tena. "Mama, ulipokuwa unatupitishia chakula, ulikuwa unatuona?"

"Niwaone wapi? Baba yenu alikitoboa kile kitu kwa ajili ya twiga."

"Miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa naona vivuli vyenu darini, ile taa ikiwa mezani. Kivuli kikiinuka, najua mmoja anataka kumpiga mwenzake. Napiga kelele, mnatulia." Akacheka. "Bomoeni, na mimi niwaone mkila kabla hamjaishiwa meno."

Mama Matabaka aliuhamisha ukuta kwenda Kinachobomolewa. Kompyuta ikamwuliza, kama inavyouliza kwa jambo lolote, iwapo ana uhakika. Akajibu ndiyo, akamtumia fundi faili. Kisha, jambo ambalo fundi hakulihitaji, akapanga meza na viti kwenye Kipya, akaweka kiti kimoja upande wa jiko, akapunguza kimo cha mama hadi cha mtu aliyeketi, akatazama.

Viti vyote vilionekana.