Aliyeanguka Bila Kuguswa

Naikumbuka Ijumaa moja pale Miteja, mwanangu, tulipochimba goli letu wenyewe kwa majembe ya kupalilia mikorosho. Nilikuwa kipa, kijana mwenye mikono mirefu na maringo ya kutosha, na shimo lilikuwa pale pale nilipozoea kusimama. Tulikuwa tunatafuta uchawi.

Jana yake tulicheza fainali ya ligi ya mbuzi. Unaijua ligi hiyo: anayeshinda anakula nyama, anayeshindwa ananusa mchuzi. Saidi, winga wetu, alipokea mpira, akakimbia kidogo, akaanguka kifudifudi. Beki wao alikuwa mbali, mikono kiunoni, akimcheka: "Inuka wewe, penalti haiombwi hivyo!" Sisi nasi tukacheka. Nakueleza hili uelewe jinsi kifo cha namna ile kinavyoingia. Hakina kelele, na watu wanadhani ni mchezo. Saidi hakuinuka.

Tulimzika asubuhi, maana kwetu marehemu hacheleweshwi. Baada ya sala ya Ijumaa, kamati ya ufundi, wale wazee waliotusimamia mambo ya dawa za timu, wakasema wapinzani wamefukia kitu golini. Tukachimba. Tukapata mfupa wa kuku na kopo lenye kutu, vitu ambavyo ungevipata popote pale kijijini. Tukashangilia kama tumefunga bao.

Mama yake Saidi, Bi Somoe, akatokea amejitanda kanga. Hatukumtarajia, mama aliyefiwa jana hukaa ndani na wenzake. Akalitazama shimo.

"Mmepata?"

"Tumepata, mama," akajibu nahodha, akanyanyua kopo.

"Hilo ndilo lililomuua na baba yake?"

Nahodha akalishusha kopo.

"Baba yake alianguka shambani akifukuza nguruwe. Kijana, mzima, haumwi hata jino. Mkasema karogwa na jirani. Saidi naye kazimia mazoezini juzijuzi tu, mkammwagia maji, mkaniambia ni jua. Kuna mmoja wenu aliyekwenda zahanati kusema? Hata leo, yupo aliyekwenda?"

Mmoja wetu akanong'ona, "Mwacheni, ana uchungu."

Akamsikia. "Uchungu ninao. Ninyi masikio mnayo?"

Hakuna aliyekwenda. Tulifukia shimo, tukahamishia goli upande mwingine, fainali ikarudiwa.

Siku hizi naishi Mitwero, nimezeeka. Mwaka huu Rashidi, mjukuu wa dada yake Saidi, alikwenda Rutamba kucheza. Akaanguka akiwa peke yake na mpira. Makaburini nikamsikia kijana mwenye simu nzuri, aliyesoma kuliko sisi wote wa wakati ule, akisema, "Wamemmaliza kwa ufundi."

Safari hii nikaenda hospitali, nikamweleza daktari habari za wote watatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanifafanulia kwamba kuna mioyo inayozaliwa na hitilafu, nayo hitilafu hujificha hadi siku moyo unapofanyishwa kazi kubwa, na nyingine hurithiwa katika ukoo. Hakuniambia kwa hakika kwamba ndiyo iliyowaua. Maiti hazikuchunguzwa, na udongo hausemi.

"Mzee," akasema, "kila mmoja mmemzika kama jambo lake mwenyewe. Ningeambiwa habari za wa kwanza, ningetaka kumpima wa pili."

Tangu hapo kila ninapopita nauliza. Kila ninapouliza, mtu ananijibu, "Hata kwetu alikuwapo mmoja." Mmoja wa mpira, mmoja wa riadha ya shule. Hakuna aliyeripotiwa kokote. Kwa hiyo hakuna ajuaye ni wangapi, na asiyejua ni wangapi hatanunua kipimo wala kumtuma mtaalamu. Siku hizi naogopa kuuliza.

Amebaki Bakari, mdogo wake Rashidi. Nilimfuata nyumbani kwao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Vaa viatu, twende tukapime moyo."

Akacheka. "Babu, moyo wangu dizeli huu, hauzimiki!"

"Na wa kaka yako ulikuwa petroli?"

Kicheko kikakatika. Akainama, akawa anachezea kamba za viatu vya mpira. "Wakiniambia nisicheze, babu, mimi nitakuwa nani?"

Mama yake akaniambia kwa adabu nisimtabirie mwanawe mabaya. Jumamosi anacheza.

Ndiyo maana nasema nawe, mwanangu, unayecheza naye au na mwenzake popote. Mtu akianguka bila kuguswa, usicheke na usimmwagie maji. Kimbia. Kama haamki na hapumui vizuri, mkandamize kifua katikati, kwa nguvu, bila kukoma, wenzako wakitafuta gari. Mola akimchukua, zahanati ijue kabla hajazikwa: alikuwa akifanya nini, aliwahi kuzimia, nani katika ukoo wake alianguka hivyo. Daktari akiomba kumchunguza, msimfukuze; kaeni na shehe mzungumze. Kisha wapelekeni ndugu zake wakapimwe. Na wewe ukizimia mazoezini, usiseme ni jua. Sema.

Sijui kama utanisikia. Sisi tuliambiwa na mama mwenye msiba wa jana, tukarudi kushika majembe.

Mola akupe moyo wa kukufikisha kwenye mvi, ukae pembeni ya uwanja ukiwazomea vijana wanaokosa magoli. Na Bakari, kila atakapoanguka Jumamosi, Mola ajaalie iwe amechezewa rafu. Amina.